Traksuti Siku ya Mahari

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kosa la wengi ni hili: wakimwona mhusika amevaa nguo za michezo mbali na uwanja, wanadhani mwandishi anawaambia kwamba huyo mtu anapenda michezo. Upuuzi! Mpenda michezo huvaa jezi akienda mpirani, akirudi anaifua. Anayeivaa benki, kilioni, kwenye mkutano wa wazazi — huyo ana neno jingine moyoni.

Nimewaeleza hayo leo vijana wa kikundi cha maigizo, katika ukumbi wa kanisa kule Ruiru. Nikawapa mifano. Mama muuza mboga ndani ya sketi ya netiboli ya shule aliyoiacha kidato cha pili. Mtazameni vizuri, nikasema, anangoja mtu amuulize alicheza namba gani. Kijana wa jezi yenye jina la mtu mwingine mgongoni. Ronny akapiga miayo. Njambi, anayetuongoza jukwaani, akauliza kwa utani wa kuniita bibi, "Na kama ndiyo nguo pekee iliyokuwa imekauka, Cucu?" Wakacheka wote.

Mimi sikucheka. Katika hadithi hakuna nguo iliyokauka kwa bahati. Mwandishi ndiye anayefua, mwandishi ndiye anayeanika.

Mchezo nimeuandika mwenyewe. Mzee Kiama anawapokea wakwe siku ya ruracio, wanapoleta mahari ya bintiye, naye amevaa traksuti. Wageni wanadhani ni mfanyakazi wa tenti na viti. Wanamtuma viti. Analeta! Hapo ukumbi utavunjika kwa kicheko. Ronny ndiye Kiama. Tunaonyesha Jumamosi saa nane mchana.

Jumanne, 9 Septemba

Erastus ameusoma mchezo wangu. Nani alimpa? Njambi, bila shaka — Erastus ndiye mwenye funguo za ukumbi, kila kikundi lazima kimwonyeshe kitakachoigiza. Tulifundisha shule moja miaka kumi na tisa, yeye michezo, mimi Kiswahili na fasihi. Sasa anaishi Membley na anatembea kama mtu anayengoja jina lake litangazwe kwenye spika.

"Mwalimu Nduku, huyu Kiama ni mimi."

"Kiama ni Kiama. Ni mtu wa kubuni."

"Wa kubuni, na amevaa traksuti yangu? Ya buluu, mistari miwili myeupe?"

Nikamfafanulia kwa utaratibu jinsi mwandishi anavyookota kitu hapa na kitu pale. Akanikatiza. Nisimfundishe. Nilikuwepo. Nilikula mbuzi wake!

Ni kweli, nilikuwepo. Mwaka jana, ruracio ya bintiye, Waruguru. Wakwe wameshuka na leso zao na suti zao, baba mwenye nyumba anatokea na ile traksuti ya buluu. Wakamtuma viti. Akaleta. Mimi niliinamisha macho kwenye sahani. Kiburi kitupu! Mtu aliyepuliza filimbi miaka thelathini haamini kwamba kuna siku isiyo yake.

Amesema niiondoe traksuti, la sivyo Jumamosi hafungui. Tutaigizia barabarani, juu ya lami.

Nimemwambia ajifunze kuvaa kwanza, ndipo anitishe.

Jumatano, 10 Septemba

Njambi ameomba tujaribu na koti, tumtulize Erastus. Tumejaribu. Ronny kwa koti na tai — nani atamtuma mtu wa tai akabebe viti? Hakuna aliyecheka. Onyesho zima limelala. "Imekufa, Mwalimu," Njambi mwenyewe amekubali.

Traksuti inabaki. Erastus akumbatie funguo zake!

Alhamisi, 11 Septemba

Waruguru amekuja hapa Kiganjo. Amefunga duka lake la nguo kule Kiuu, siku ya kazi, ili aje kunigombeza. Chai amekataa. Kiti pia.

"Auntie, nani alikuambia Baba alivaa vile kwa kiburi?"

"Hakuna aliyeniambia. Nguo yenyewe inasema."

"Haisemi. Mimi ndiye nilisema."

Akanieleza akiwa amesimama, mkoba begani. Shuleni alikuwa akikimbia mita elfu moja mia tano, babake kocha wake. Hilo nalijua, nilikuwa nikiwaona uwanjani. Nilichokuwa sikijui ni kilichokuwa mezani kwao. Akishinda, babake anaongea wakati wa chakula. Akishindwa, haongei. Kidato cha tatu alikosa kufuzu kwa mashindano ya mkoa, na babake akachukua msichana mwingine wa kumfundisha. Mwezi mzima hakumwambia bintiye neno ila "nipe chumvi".

Kwa hivyo wiki ya ruracio alimwambia: usivae suti, suti ni ya baba. Wewe ulikuwa kocha. Njoo na traksuti yako.

"Nilitaka aumie tu. Sikudhani atavaa."

Alivaa. Na wageni walipomtuma viti, Waruguru alikuwa dirishani jikoni akitazama. Hakutoka kusema, huyo ni baba yangu.

"Na yeye alisema nini baadaye?"

"Hakuna. Hatujawahi kuligusa hilo neno."

Nikamuuliza anataka nini. Niandike maneno yake, yote, kama alivyoyasema. Ama niuchane huo mchezo. Akafika mlangoni akageuka. "Ulikaa meza moja na sisi, Auntie. Ulitutazama siku nzima, na ukaenda nyumbani na nguo peke yake."

Nimewasumbua watoto wa watu kwa miaka: mhusika amevaa nini, kwa nini? Hata mara moja sikuwauliza ni nani aliyemchagulia. Nimekasirika sana. Naye, kwa kuja kunisema nyumbani kwangu. Na babake, kwa kukaa kimya kama jiwe. Na huyu mwanamke anayeshika kalamu hii.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeandika upya. Mistari kumi na moja tu: binti anamwambia Kiama avae nini, na kwa nini. Anabaki dirishani. Viti vinaletwa kama mwanzo.

Tumefanya mazoezi. Ronny amebeba viti sita bila mtu kucheka. Mwishowe akaniambia, "Mwalimu, hii sasa ni noma, inauma," akaenda nje kukaa peke yake. Nimesahihisha sana maandishi ya watu maishani, lakini sijawahi kusahihisha yangu na kuona aibu hivi.

Jioni Erastus amepiga simu. Njambi amempelekea nakala mpya, kama kawaida. Sauti yake ndogo, ya mtu mgonjwa. "Rudisha ule wa kwanza." Nikadhani sijasikia. Ule wa kiburi? Ule wa kukufanya uchekwe na watu? "Huo huo. Nani amekuambia haya mengine?" Nikaanza tena habari za kuokota kitu hapa na kitu pale. Akajua. Akakata.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa tano na robo. Njambi amenipigia kutoka ukumbini, anaongea kwa kunong'ona. Watu wa kwanza wamefika mapema, wamekaa kwenye ngazi. Erastus amesimama mlangoni, mgongo kwa mlango. Amesema atafungua sasa hivi iwapo tutaapa kucheza ule wa kwanza. Wamcheke mpaka waanguke, sawa. Waseme ndiye, sawa. Lakini mtoto wake hasemwi vibaya mbele ya watu.

"Amevaa nini?" nikauliza.

"Mwalimu! Kwani hilo ndilo swali?"

Hapana. Silo.

Njambi anangoja jibu, amesema ana dakika kumi. Karatasi zote mbili ziko hapa mezani. Nikipeleka ya kwanza, nimewafanya watu wamcheke mzee aliyekubali kuaibishwa na bintiye bila kulalamika. Nikipeleka ya pili, nimempokonya kitu pekee alichowahi kumfanyia bintiye nje ya uwanja: kumfichia siri. Binti anataka asemwe. Baba anataka achekwe. Kila mmoja amekuja kuniambia mimi — mimi! — na wao wenyewe mwaka mzima hawajaambiana.

Kwangu hadi Ruiru ni mbali, dakika kumi hazinifikishi. Kutoka Kiuu, dukani kwa Waruguru, si mbali.

Acha kuandika, Nduku. Mpigie Waruguru sasa hivi, umwambie aende kwa ule mlango akaongee na baba yake.