Koti la Mzee Tluway

Alhamisi, Mbulu

Nina miaka sabini na sita. Nimeona filamu ikifa, maduka ya kusafisha picha yakifungwa, na wapiga picha wote niliojifunza nao wakizikwa. Mimi nipo. Leo nusura koti linishinde.

Mzee Tluway wa Endagikot, anayenizidi umri kwa miaka kumi, ametaka picha ya kuweka juu ya jeneza lake siku ikifika. Koti lake la mistari myembamba likatokea kwenye kompyuta na mawimbi ya rangi, kama mafuta juu ya maji.

"Umenivika gauni!" akafoka.

Mkwe wangu Paskalina akasema kile kifaa cha kidijitali ninachobandika nyuma ya kamera yangu ya filamu kimeharibika, kirudi Arusha. Nikakataa. Uso safi, ukuta safi, koti tu! Basi nyuzi za koti ndizo zinagombana na kifaa.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia upya ili apoe. "Naomba uvue koti."

"Marahaba. Watu waniage nikiwa na fulana?"

Baada ya hapo kumwambia asogee sikuthubutu. Nikasogeza kamera mimi, hatua mbili nyuma, ili nyuzi zifike kwenye kifaa kwa ukubwa mwingine. Mawimbi yakaisha.

Niliogopa, nakiri. Asiyeamini amwulize Paskalina. Au Mzee Tluway mwenyewe, ila awahi kabla picha haijaanza kazi.