Vita vya Saluni Vimekwisha, na Mapato Yangu Pia

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako, tena nauomba kabla ya Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo nimekusudia kutekeleza mpango nitakaoueleza kwa kina hapa chini, na ningependa kuutekeleza nikiwa na baraka za mtu mzima, ijapokuwa kwa upande wa utaalamu sina shaka nao hata kidogo, maana mimi ni mhitimu wa shahada ya mawasiliano ya umma na tasnifu yangu ilihusu mbinu za kuiteka hadhira.

Naishi kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye ni msusi na ndiye aliyenisomesha kwa vidole vyake mwenyewe, na chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga ndicho saluni yake. Nilipohitimu nilituma maombi ya kazi kila mahali penye mlango, na wakati nasubiri majibu ambayo hadi leo yako njiani, niliweka simu yangu kwenye rafu ya mafuta ya nywele, nikairuhusu irekodi yaliyokuwa yakiendelea, na hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi changu cha mtandaoni, "Vita vya Saluni", ambacho sina shaka umewahi kukiona.

Nyota wa kipindi ni wawili: shangazi, na jirani yetu wa chumba cha pili, mama mmoja fundi cherehani ambaye shangazi humwita Redio kwa sababu ya sauti yake. Kila fundi alipokuja kusukwa, palichafuka. Nakunukulia sehemu iliyotazamwa kuliko zote, ili upate picha kamili.

"Wewe ni msusi au unafyeka shamba?" fundi alilalamika. "Unanivuta kichwa kama unang'oa kisiki!"

"Tulia, Redio. Nywele zenyewe za kuazima, nikivuta sana zitarudi kwa mwenyewe."

"Na hilo gauni ulilovaa nani kakushonea, si mimi? Nilitaka kukufichia kiuno, basi tu, kitambaa kikaisha kabla ya kiuno."

"Kingetosha, kama ungepima kwa futi. Wewe unapima kwa mdomo!"

Mambo yalikuwa ya namna hiyo, Mshauri, wiki baada ya wiki, bila maandalizi yoyote kwa upande wao, na mimi nikawa nayahariri kwa uangalifu mkubwa, nikiondoa sehemu za mwisho ambapo kwa kawaida hucheka, hupigana makofi ya mabegani na kuitana shoga, kwa sababu za kitaalamu, kwani mapatano hupunguza mvutano na mtazamaji akishapatanishwa haandiki maoni. Wafuasi wakafurika, matangazo yakaja, nikanunua taa ya duara, kiti kinachozunguka na viatu ambavyo sikuthubutu kuvivaa siku za mvua. Nilimnunulia shangazi pia kioo kipya cha saluni, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa kikiionyesha simu.

Sasa mapato yameporomoka. Nimelichunguza tatizo kisayansi na nimebaini sababu tatu, nazo ni mabadiliko ya kanuni za mtandao, husuda ya wabunifu wenzangu, na kushuka kwa kiwango cha ladha ya watazamaji. Kuhusu hii ya tatu nina ushahidi, maana nilijitolea kukaa mimi mwenyewe mbele ya kamera na kueleza nadharia za mawasiliano kwa lugha nyepesi, na maoni niliyoyapata yalikuwa "Mrudishe shangazi" na "Kaka, toka hapo kwenye kiti tumwone Redio."

Kumrudisha shangazi si rahisi, kwa kuwa ubora wake umeshuka mno. Siku hizi akijua naye yumo kwenye picha husema "Karibu", "Ndiyo" na "Asante" kama karani wa benki. Nilimwandikia maneno ya kusema, akayasoma yote kwa sauti moja, kama anatangaza msiba, na alipomaliza akaniuliza, "Sasa nimetukana au bado?" Wateja nao wameingiwa na uhaba wa mazungumzo. Wakiingia hutazama kwanza rafu, kisha kioo, kisha mimi, halafu hunyamaza kama waliofika kwa daktari wa meno. Mmoja aliinyooshea simu kidole akauliza, "Leo inawaka?" nikamjibu kwa heshima kwamba simu ya kisasa haizimwi, akakumbuka kuwa ameacha maji jikoni, akaondoka na hakurudi. Wengine nasikia wamehamia kwa msusi wa karibu na duka la dawa, ambaye kwa kweli hana kipaji chochote.

Fundi ndiye amenivunja moyo kabisa. Wageni waliokuja kumposa binti yake walimtambua mara tu walipoketi, na mmoja wao akamwita "Redio" mbele ya kila mtu, jambo ambalo kitaalamu ni kipimo cha juu kabisa cha mwitikio wa hadhira. Wageni waliomba muda wa kutafakari. Fundi, badala ya kufurahia umaarufu huo ambao hakuugharamia chochote, tangu siku hiyo hujifunga kitambaa kichwani na kupita mlangoni kwetu kama anayepita kituo cha polisi. Shangazi humsubiri kila Jumamosi. Huweka kiti tayari, hukifuta, kisha huketi yeye mwenyewe na kuchana nywele za bandia zilizokwishachanwa. Juzi alisema, bila kunitazama, "Mwenye nyumba anataka jibu mwisho wa mwezi, kama naendelea na hiki chumba cha mbele au nakiachia. Naona nikiachie tu." Fikiria, Mshauri: nitapoteza jukwaa!

Ndipo nikabuni mpango. Fundi nitamwambia kwamba shangazi anatangaza kuwa wageni wa posa waliukimbia mdomo wa fundi mwenyewe. Shangazi nitamwambia kwamba fundi anasukwa na yule wa karibu na duka la dawa, na kwamba ndicho anachokificha chini ya kitambaa. Jumamosi fundi ataingia kwa hasira, atapokewa kwa hasira, na kamera zitakuwa mbili, moja rafuni na nyingine nyuma ya kioo. Baada ya hapo nitawapatanisha mwenyewe, nje ya kamera.

Swali langu ni moja tu: nianze kumwambia yupi? Kitaalamu kuna hoja nzito kwa pande zote mbili.

Wako mtiifu,
Mbunifu Huru Aliyekwama

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta mahali ulipomwomba shangazi yako ruhusa ya kumrekodi. Mara ya pili nilirudia nikidhani nimeparuka. Sikupaona. Pana tasnifu, pana taa ya duara, pana viatu visivyopenda mvua, ila ruhusa hapana.

Nakupa pole, kwa sababu kutuma maombi ya kazi na kukaa kimya kwenye nyumba ya mtu aliyekusomesha kunauma, na kijana aliyepata chake kwa mara ya kwanza hana budi kuogopa kukipoteza. Hilo nalielewa. Pole yangu inaishia hapo, tuendelee.

Mtandao haujakuonea. Wenzako hawana husuda nawe, wana vipindi vyao. Na watazamaji ladha yao iko palepale: walitaka kuwaona wanawake wawili wanaojua kusema, ukawapa kijana anayejua kuhitimu. Kilichokauka ni maneno ya saluni, na wewe ndiye uliyeyakausha. Mtu anakwenda saluni na vitu viwili, kichwa na kifua. Kichwa kisukwe, kifua kitue. Wewe kifua cha watu ulikitoa nje kikatazamwa na walimwengu, sasa unashangaa kwa nini wamebaki kuleta kichwa peke yake. Kichwa, mwanangu, hata kwa yule asiye na kipaji kinasukwa, na rafuni kwake pana mafuta tu.

Unajiita mbunifu huru. Ulibuni nini? Maneno ni ya shangazi. Majibu ni ya fundi. Saluni si yako. Hata simu hukuishika, ilishikwa na rafu. Kazi yako ilikuwa kukata, na hapo ndipo hasa ninapotaka unisikilize.

Umeniambia kwamba ulikuwa ukiondoa sehemu za mwisho, wanapocheka na kuitana shoga, "kwa sababu za kitaalamu". Mwanangu, ule haukuwa ugomvi. Wale wanataniana. Mtu hamwambii adui yake kwamba kiuno kimeshinda kitambaa. Adui humwambia "habari za leo" na kupita. Shangazi yako ana shoga mmoja duniani anayeweza kumwambia lolote, na kila Jumamosi walikuwa wakiambiana hayo lolote mpaka wanachoka kucheka. Wewe ukakata kicheko, ukabakiza matusi, ukayatuma hadi kwenye sebule ya watu wanaotaka kuoa. Mgeni amemwita mama mtu "Redio" mbele ya binti yake, jina ambalo lilikuwa na mwenyewe mmoja wa kuliita, nawe unaniandikia kuhusu mwitikio wa hadhira! Yule mama hafichi nywele chini ya kile kitambaa. Anaficha uso.

Na shangazi yako anayejibu "Karibu, Ndiyo, Asante" hajashuka ubora. Anajua nani kamfukuzia rafiki na wateja, na anajua mtu huyo alimsomesha yeye mwenyewe, kwa hiyo hana pa kulalamika. Anachana nywele zilizochanwa. Mtu anapokwambia "naona nikiachie tu" bila kukutazama, hatafuti jukwaa la kukupa, anatafuta jinsi ya kutokulaumu.

Nami sijitoi lawamani. Kipindi chako nilikuwa nakitazama, na pale pa kiuno nilicheka nikamwaga chai. Nilidhani wale akina mama wamelipwa na wamekubali. Nimesoma barua yako, nimeacha kucheka.

Sasa sikiliza, maana Jumamosi iko karibu. Ule mpango wako usimwambie yeyote, wala usianze na yeyote. Ukifanikiwa utapata video moja, na hutapata wa kuwapatanisha nje ya kamera wala ndani yake, kwa sababu safari hii matusi yatakuwa ya kweli.

Leo hii ondoa vipindi vyote vya saluni mtandaoni, vyote, hata kile cha kiuno. Najua wengine wamekwishavihifadhi. Ondoa vya kwako. Simu itoke rafuni, mafuta yarudi mahali pake. Kisha umwambie shangazi yako ulichofanya kwa maneno ya kawaida, usilete neno "hadhira". Akikaa kimya, nawe kaa kimya. Akikurushia kitana, kiokote umrudishie.

Halafu tafuta vile vipande ulivyovikata. Mtu aliyesomea kuhariri hatupi kitu, najua unavyo. Viweke mahali pamoja uende navyo kwa fundi, wewe mwenyewe, bila kumtuma shangazi akakuombee. Bisha hodi, amkia, omba radhi kabla hujaketi. Mwonyeshe anavyocheka na shoga yake. Mwachie vipande hivyo viwe mali yake: akitaka kuwaonyesha wale wageni waone matusi yalikuwa yanaishia wapi, awaonyeshe, akitaka kuvifuta, avifute mbele yako, nawe useme asante. Ukijisikia kumwomba akuruhusu kuviposti, toka nje kwanza upigwe na upepo.

Na tumbo lako je? Mapato yale hayarudi, yazike. Lakini kukata unajua, hilo nakupa. Wapo wenye maduka, shule na sherehe wanaotafuta kijana wa kuwapigia picha na kuzihariri, na hao watakuita wenyewe, watakulipa, na watajua kamera iko wapi. Uza ile taa ya duara upate nauli ya kuwafuata. Fedha ya kwanza utakayoipata mpe shangazi yako apeleke jibu kwa mwenye nyumba, kwamba chumba cha mbele anaendelea nacho. Usimnunulie kioo kingine.

Jumamosi kifute kile kiti wewe, kabla yake. Huenda fundi asije, na wiki inayofuata pia asije, endelea kukifuta. Lakini siku atakayoingia, akafungua kitambaa, akakaa, na kumwambia shangazi yako kwamba anamvuta kichwa kama anang'oa kisiki, nawe ukahisi vidole vyako vinaitafuta simu mfukoni, vikalie.