Mapezi ya Tafi Niliyokwambia Uyatupe

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka Merrylands, hapa Sydney, chumba kilekile nilimokuwa ulipokuwa ukinipigia simu kuniuliza kama nimekula. Sijala. Kuna jambo nataka ulijue, maana uliondoka bila kulisikia.

Pale sokoni, kwenye karai lako la samaki, ulikuwa ukimgusa tafi tu unajua katoka wapi. "Huyu wa kwetu. Huyu wa ng'ambo ya mkondo, mafuta yake mengine. Hawa si ukoo mmoja, wala hawaoani." Bwana samaki wa serikali akikucheka, na wewe ukimuuzia kwa bei ya juu.

Nikaja Sydney kuyathibitisha maneno yako kwa vinasaba. Kama kweli ni koo mbili, kufunga uvuvi ng'ambo, kama serikali ilivyopanga, hakuwasaidii wa kwetu. Wa kwetu wakiisha, hakuna wa ng'ambo atakayekuja kujaza pengo. Nikakuomba unikatie vipande vya mapezi, uvitie kwenye spiriti visioze. Ukakata miezi mitatu, kila kipande ukakifunga karatasi na kuandika kilikotoka. Lakini spiriti, thubutu! "Pombe haiingii nyumbani mwangu, hata ya samaki." Ukavitia chumvi kama samaki ng'onda wa kukausha, ukanitumia picha kwa furaha.

Mama, nilivyokufokea! Nilikuwa nimetoka kusafisha ofisi mjini, nimechoka, lakini uchovu si sababu. Nikasema umeniharibia masomo.

"Vitupe."

"Vyote, mwanangu?"

"Vyote."

Ukavitupa. Kisha wewe ndiye ukaniomba msamaha, ukasema kifua kikipata nafuu utaanza upya. Hakikupata. Nilipofika nyumbani ulikuwa umeshazikwa siku tatu.

Juzi nilimsimulia mwalimu wangu, nikidhani tutacheka kidogo. Hakucheka. "Chumvi?" akasema. "Chumvi ingetosha kabisa. Hata sisi huitumia." Nikaenda msalani, nikalia.

Muda wa masomo umekwisha, ripoti imekwenda. Haina hata tafi mmoja wa kwetu. Kwa hiyo ofisini kwa bwana samaki wataendelea kuwahesabu wote ukoo mmoja. Ng'ambo kumefungwa, na dada ananiambia wavuvi wa huko sasa wamejaa kwetu, wanarudi na tafi wadogo kama kiganja. Aliyewajua tafi kwa koo zao ni wewe, mama, na aliyekunyamazisha ni mimi.

Nipe radhi zako, kama huko uliko radhi bado hutolewa.

Kifungua mimba wako