Lango Kwenye Wimbo wa Magitaa

Mngeta, Kilombero

Kaka Masanja,

Shikamoo, na uipokee bila kununa. Mimi mzima, nimenenepa kwa wali, na Kiingereza changu cha kidato cha pili kinaheshimika huku kuliko ulivyowahi kukiheshimu wewe. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na baba, ameshakukabidhi ng'ombe, au bado anakuita mzembe aliyeacha zizi wazi?

Kazi yangu ni kuamia ndege kwenye mpunga. Wenzangu wanapiga madebe. Mimi namwambia Libori, dereva wa trekta, afungulie spika yake: roki ya Wazungu, gitaa linalia kama mashine ya kukoboa. Ndege wanahama kata!

Juzi tukila kwa Mama Anjela, anayetupikia, Libori akauliza wimbo mmoja unasemaje. Nikatafsiri bila jasho: "Nililiacha lango wazi, nikaondoka bila kugeuka."

"Huyo kaachwa na mke," Libori akasema. "Lango ni moyo."

"Moyo wako wewe!" akamjibu Mama Anjela, maana yeye ndiye kinara wa kwaya ya kigango. "Hilo lango la mbinguni. Anatubu."

Nikawaambia wote wamefeli. Lango ni la zizi. Ng'ombe wametoka, wamemaliza mahindi ya jirani.

Libori alicheka mpaka akapaliwa. "Msukuma wewe! Hata Mzungu umempa ng'ombe!"

"Kama ni ng'ombe tu," Mama Anjela akauliza, "mbona anaimba kwa kulia hivyo?"

"Kwa sababu aliyechapwa ni kaka yake."

"Hilo umelitoa wapi? Kwenye wimbo halimo."

"Halimo, mama. Ndiyo maana analia."

Mama Anjela akaniongezea wali.

Kaka, siku ile ng'ombe wetu walipotoka, wa mwisho kutoka zizini nilikuwa mimi, nawahi mpira. Wewe ulikuwa kisimani. Nilikuona unachapwa, nikanyamaza, kisha nikapanda basi la huku. Kwenye simu ningekata kabla ya kufika hapa, ndiyo maana nimeandika.

Nisalimie mama, bibi asiyesikia ila akiitwa kula, na mjomba aliyeazima baiskeli yetu akaizoea. Barua hii msomee baba kwa sauti, wote wakiwepo. Pale ninapojisifu ruka ukipenda. Pale pa zizi usiruke hata neno.

Mdogo wako, mfasiri wa Mngeta nzima,
Jilala