Robo Yangu ya Karatasi za Profesa

Bi Tabia, baada ya salamu naomba unikopeshe akili zako, maana zangu tangu msiba hazitulii. Mimi ni mjane wa Kikwajuni, bado nimo ndani ya eda. Marehemu mume wangu, Abrahman, alikuwa profesa wa uchumi, katika watu wetu wa mwanzo kusomesha elimu hiyo chuoni huko Bara, na mimi skuli niliishia darasa la sita, lakini hakunidharau hata siku moja, akirudi likizo alikuwa akinifuata jikoni na penseli yake sikioni kuniuliza kwa nini leo nimepika ndizi badala ya muhogo, na nikimtuma Darajani akanunue huo muhogo alikuwa akisimama kumhoji muuzaji kwa nini bei inashuka baada ya alasiri, mpaka muhogo unamalizika na yeye anarudi na kikapu kitupu, anacheka.

Alipofariki aliacha masanduku mawili ya karatasi, masomo yake, barua za wanafunzi, na kitabu alichokuwa akikiandika ambacho hakikuwahi kupigwa chapa. Hatukujaaliwa watoto. Baada ya arubaini shemegi yangu Msabah wa Mtoni alikuja na dada yake Mwanaasha kugawa mirathi, na tulipokwisha kugawa nguo na saa na baskeli, shemegi akazitazama zile karatasi akasema, "Hizi nazo ni mali ya maiti, tusije tukaulizwa kesho akhera." Basi tukakaa mkekani, Bi Tabia, tukazigawa moja moja kwa mafungu ya sheria, mbili za shemegi, moja ya wifi, moja yangu, mpaka masanduku yakawa matupu na kila mtu akaridhika kuwa hakudhulumiwa.

Juzi akaja bwana mmoja wa maktaba ya chuo, anataka karatasi zote zihifadhiwe pahala pamoja. Nikampitishia zangu chini ya pazia. Akapekua, akauliza, "Bibi, ukurasa wa kwanza wa kitabu uko wapi?"

"Uko Mtoni."

"Na wa pili?"

"Mtoni vilevile."

"Wa tatu?"

"Huo uko Mkokotoni, kwa wifi."

Nikamsikia akishusha pumzi.

Shemegi amekataa kutoa, anasema wasomi watajipatia jina kwa jasho la ndugu yake. Wifi kaniletea jibu kwa mtu: "Mwambieni robo yake anayo, na yangu inanitazama tu, na mimi nauza njugu na karatasi za kufungia zimeadimika." Na mimi mwenyewe, nikwambie kweli, moyo unasita. Kiingereza nakijua kwa kubahatisha, lakini kwenye karatasi yangu moja nimeona neno muhogo, na mbele yake jina langu, halafu maneno yanakatika mwisho wa ukurasa. Nataka kujua kanitaja kwa nini. Nikizitoa zangu nitakosa hata mwandiko wake, nikizizuia kazi yake itabaki vipande. Nifanye nini?

Mjane, Kikwajuni

JIBU

Pole, mwanangu, Mungu akupe subira. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya kwanza nilicheka, unisamehe. Mirathi ni haki na sigombani nayo. Lakini saa ya marehemu mlimpa mtu mmoja, nzima. Mbona hamkuifungua mkagawana vyuma vya ndani? Kitabu nacho ni hivyo hivyo, na watu wazima watatu mlikaa mkekani mkakifungua.

Anza na Mkokotoni, leo, kabla njugu hazijafungwa. Waombe majirani wakukusanyie magazeti ya zamani, umpelekee wifi yako kwa mkono wa mtu, mbadilishane mzigo kwa mzigo. Usimhutubie. Anataka karatasi, mpe karatasi.

Shemegi yako si mtu mbaya, kafiwa na ndugu. Mwite ukumbini, na yule bwana wa maktaba awepo, aandike mbele yenu kwamba jina la Abrahman litakaa juu ya kila kitu, na hapana kitakachopigwa chapa bila idhini ya warithi wote watatu. Akikataa kuandika, na nyinyi kataeni.

Na wewe, acha kujionea haya kwa sababu ya darasa la sita. Mtu aliyekufuata jikoni na penseli alijua nani wa kumuuliza. Kurasa zikishapangwa, tafuta mwalimu wa kike hapo mtaani anayejua Kiingereza, aje kila alasiri akusomee na kukufasiria, tangu mwanzo, usimruhusu kuruka hata yale magumu. Eda inakuzuia kutoka, haikuzuii kusikiliza. Alichokuandikia wewe binafsi ubaki nacho, na usiombe ruhusa ya mtu. Vingine vitoeni wakfu kwa maktaba, nyote watatu kwa pamoja.

Bwana wa maktaba akigonga mlango kabla hamjamaliza, mwambie arudi baadaye, profesa bado anasomesha.