Goti na Neno Lililokatika

Mella, Jumanne

Wifi yangu Asekenye,

Habari za huko? Hapa muhogo umeota, na kuku wako mwekundu anaatamia.

Umeuliza kuhusu goti langu. Tangu upasuaji, kaka yako Emong alinikanda kila asubuhi. Alipofariki sikutaka mkono mwingine, goti likakakamaa. Siku ya mazishi mlipiga magoti wote, nikabaki nimesimama kama mgeni.

Jana nilikwenda Busia kwa Nekesa, mkandaji niliyeelekezwa na daktari. Alipolikunja goti, nilitaka kusema "polepole", lakini maumivu yakanikata pumzi, ikatoka "Pole!" tu.

Akaacha. "Nani amekuambia?"

"Kuhusu nini?"

"Nimemzika mama juzi. Huku hakuna aliyenipa pole."

Sikumsahihisha. Nilimshika mikono yake yenye mafuta. "Pole sana, dada."

Akajifuta macho kwa kiwiko. "Asante. Haya, usinidanganye na pole zako, kunja mguu!"

Tulicheka. Sikuwa nimecheka tangu Emong aondoke.

Goti bado halifiki chini. Jumatatu nitarudi. Siku litakapofika nitakuita. Njoo, wifi, nisipige goti pale kaburini peke yangu.

Ni mimi, wa kaka yako,
Akurut