Saa ya Meli na Bangili ya Baba

Mwende mjukuu wangu,

Bwana asifiwe. Hapa Kanyangi tuko salama, mbaazi zimekubali, na mama yako anakusalimu sana.

Umeuliza, kwa vile meli unayosafiri nayo ina maduka ya dhahabu, uniletee saa au bangili. Ngoja nikwambie.

Nikiwa msichana nikiuza vyondo kando ya barabara pale Kambu, watalii walioshuka meli Mombasa walisimama. Mama mmoja akapenda bangili yangu ya shaba, akavua saa yake ya dhahabu, tubadilishane.

"Toa, wewe!" wenzangu wakanicheka. "Hutachelewa kanisa tena!"

Niliitaka ile saa, kweli. Nikavuta bangili mpaka ngozi ikachubuka, haikutoka. Baba alikuwa ameniundia, akaifunga mkononi kwa nyundo, kabla Mungu hajamchukua.

"Tutaikata," akasema dereva wao, akaja na koleo.

Nilipoliona lile koleo nikaficha mkono nyuma. "Basi, acha."

Siku hizi mkono umekonda, mama. Nikiosha vyombo bangili inateleza yenyewe. Usininunulie kitu. Njoo tu na mkono wako, nikuvishe.

Ni mimi susu wako, ninayekuombea.